Makala za tovuti zinazoleta wateja: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa wenye biashara

Biashara nyingi hufungua sehemu ya makala kwenye tovuti, zikaweka salamu za sikukuu na picha za ofisi, kisha zikaacha baada ya miezi michache kwa sababu hakuna aliyenunua. Makala hizo zilikosa kazi ya kufanya: hazikujibu swali lolote ambalo mteja alikuwa akilitafuta. Kila hatua hapa chini imejengwa juu ya kanuni moja: makala moja hujibu swali moja analojiuliza mteja kabla ya kununua, kisha humwonyesha jambo moja la kufanya.

Hatua ya 1: Kusanya maswali kabla ya kuandika chochote

Fungua WhatsApp ya biashara, barua pepe na daftari la mapokezi. Nakili maswali 20 hadi 30 kama wateja walivyoyaandika, hata yenye makosa ya tahajia. Usiyasafishe, kwa sababu maneno hayohayo ndiyo wanayoandika kwenye Google. Fundi wa sola husema "uwezo wa kuhifadhi nishati". Mteja wake huandika "betri ya 100 inakaa saa ngapi". Makala yenye lugha ya fundi haitaonekana na mteja huyo.

Kisha andika kila swali kwenye Google polepole, uone linavyokamilishwa lenyewe na maswali gani yanayofanana nalo yanajitokeza katikati ya matokeo. Hayo yanatokana na utafutaji wa watu halisi, nayo hayakugharimu chochote.

Anza na maswali yaliyo karibu na pesa: bei, ulinganisho wa bidhaa mbili, muda wa kazi, na matatizo yanayotokea baada ya kununua. "Sola ni nini" liache. Wanaolijibu ni tovuti kubwa zenye miaka mingi, na anayeuliza hivyo bado yuko mbali na kununua. Kuhusu bei, wenye biashara wengi huificha wakiogopa washindani. Washindani wanaijua tayari. Asiyeijua ni mteja, naye ataenda kwa anayemweleza. Kama bei hubadilika, taja kiwango cha chini na cha juu, na ueleze kinachoipandisha.

Hatua ya 2: Weka makala kwenye domeini yako

Ziweke ndani ya tovuti yenyewe, kwa anwani kama jinalako.com/makala/, zisiishie kwenye ukurasa wa mtandao wa kijamii. Chapisho la mtandao wa kijamii huzama ndani ya siku chache, na akaunti inaweza kufungwa. Makala iliyo kwako huendelea kupatikana kwa miaka, na kila tovuti inayoiunganisha huipa nguvu domeini yako.

Ukitumia WordPress (programu ya kutengeneza tovuti), kagua mambo mawili siku ya kwanza. Kwenye Settings, ukurasa wa Permalinks, chagua anwani zinazotumia jina la makala. Kwenye ukurasa wa Reading, hakikisha kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji hakina alama ya tiki. Watengenezaji wa tovuti hukiwekea tiki wakati wa ujenzi na kusahau kuiondoa, na mwenye biashara anaandika miezi mizima bila makala hata moja kutokea Google.

Sajili tovuti kwenye Google Search Console (huduma ya Google inayoonyesha jinsi tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji) siku hiyohiyo, ni bure, kisha wasilisha ramani ya tovuti, yaani faili linaloorodhesha kurasa zake. WordPress huitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, kwenye anwani inayoishia na wp-sitemap.xml.

Hatua ya 3: Jibu kwanza, eleza baadaye

Aya ya kwanza itoe jibu. Chukua swali la betri: betri ya volti 12 na amp-saa 100 ina wati-saa 1,200 (12 × 100). Ikiwa ni ya asidi na risasi, inashauriwa kutumia nusu tu ili isife mapema, yaani wati-saa 600. Friji inayokula wati 60 kwa wastani itakaa saa 10 hivi, pungufu kidogo kwa sababu ya kinachopotea kwenye inveta. Hapo msomaji ameshapata alichokifuata, na sasa ana sababu ya kuendelea: vipi kwa betri ya lithiamu, vipi akiongeza televisheni, atajuaje kuwa betri imechoka.

Hakuna idadi ya maneno inayotakiwa. Swali likiisha kwa maneno 400, ishia hapo. Programu za akili bandia zinaweza kusaidia kupanga rasimu, lakini vipimo, picha na makosa ambayo mafundi wako hukutana nayo vitoke kwenye kazi yenu. Tangu Machi 2024 sera za Google dhidi ya taka za mtandaoni (spam) hutaja wazi kurasa zinazozalishwa kwa wingi bila kumfaa msomaji, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine.

Kichwa kisizidi herufi 60 hivi, na maelezo mafupi ya ukurasa herufi 150 hivi, la sivyo hukatwa kwenye matokeo. Anwani iwe fupi na isiwe na mwaka, kwa mfano /betri-100-friji. Mwaka ukishaingia kwenye anwani, makala itaonekana imepitwa na wakati hata ukiisasisha.

Hatua ya 4: Punguza uzito wa picha

Picha ya simu mara nyingi huwa na megabaiti 3 au zaidi. Ipunguze hadi upana wa pikseli 1,200 na uihifadhi kwa WebP (muundo wa faili la picha lenye uzito mdogo), chini ya kilobaiti 200. Google hupendekeza kipande kimoja kikubwa zaidi kwenye ukurasa, kama picha kuu, kionekane ndani ya sekunde 2.5, na picha nzito ni miongoni mwa sababu kuu za kushindwa. Andika pia maelezo ya picha kwa asiyeiona.

Hatua ya 5: Mpe msomaji jambo moja la kufanya

"Wasiliana nasi" haimwambii mtu afanye nini. "Tutumie orodha ya vifaa vyako, tukukokotolee betri" inamwambia. Tumia kiungo cha WhatsApp: https://wa.me/ kikifuatwa na namba yenye msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mwanzo, bila nafasi. Ongeza ?text= na ujumbe unaotaja makala yenyewe, ukiweka %20 penye nafasi. Mteja akituma "Nimesoma kuhusu betri ya friji", unajua ni makala ipi iliyomleta. Weka kiungo hicho mara tu baada ya jibu, na tena mwishoni.

Hatua ya 6: Iunganishe na uisambaze

Makala mpya iunganishwe kutoka makala za zamani mbili au tatu na ukurasa wa huduma husika, kwa maneno yanayoeleza inakoelekea, si "bofya hapa". Ukiituma kwa barua pepe au mitandao ya kijamii, ongeza utm_source na utm_medium kwenye kiungo (lebo zinazoonyesha mtembeleaji alitoka wapi na kwa njia gani) ili Google Analytics, huduma ya Google ya takwimu za tovuti, itofautishe njia hizo. Usiziweke kwenye viungo vya ndani ya tovuti: zinaweza kuficha chanzo halisi cha mtembeleaji na takwimu zako zikapotosha.

Hatua ya 7: Rekebisha kwa kusoma takwimu

Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko kuandika makala nyingine mpya. Subiri miezi mitatu hivi, kisha fungua ripoti ya utendaji kwenye Search Console, ambayo huhifadhi takwimu za miezi 16.

Makala ikionekana mara nyingi katika nafasi za juu lakini haibofywi, tatizo ni kichwa. Ikiwa katika nafasi ya 8 hadi 20 kwenye matokeo ya Google, iongezee kinachokosekana: jedwali, picha ya kazi, au maswali ambayo hukuyajibu, yaliyomo kwenye orodha ya utafutaji ndani ya ripoti hiyo. Na makala mbili zikipokezana kwa swali lilelile, zinagawana nguvu. Hamishia yaliyo bora kwenye ile yenye mibofyo mingi, futa nyingine, na elekeza anwani yake ya zamani kwenye ile iliyobaki kwa 301 (agizo la kudumu linalompeleka msomaji kwenye anwani mpya). Ukiifuta bila 301, kila aliyehifadhi kiungo hicho atakutana na ukurasa wa kosa.