Kikundi chenu kinataka sapoti ya faundesheni? Anzeni hapa

Kwanza kikundi kisajiliwe, maana hakuna faundesheni ya maana, yaani shirika linalofadhili miradi ya jamii, itatuma pesa kwa simu ya mwenyekiti. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii hapo sabkaunti yenu hapa Mombasa, iwe Likoni, Kisauni ama Jomvu, mukiwa na katiba, minitsi na orodha ya wanachama wasiopungua 10, halafu pini ya KRA (mamlaka ya ushuru) na akaunti ya benki. Hayo ni makaratasi tu.

Kazi yenyewe ni kusema munataka nini. Musiandike "tunaomba msaada wa afya na elimu", jamani hiyo haisemi kitu! Kaeni na yule mhudumu wa afya wa mtaa anayepita nyumba kwa nyumba na begi lake, mumuulize ni kina mama wangapi wanakosa kliniki ya ujauzito na kwa nini, ni nauli, ni foleni ya feri, ama ni mume hataki, kwa sababu kila jibu lina bajeti yake. Shuleni vilevile, ulizeni nani hafiki darasani: msichana asiye na pedi, mtoto wa wheelchair anayeshindwa na ngazi. Hao ndio wa kwanza, si watoto wa viongozi wa kikundi, na hapa sina mchezo.

Mukipewa pesa, wekeni rekodi ya matumizi. Tuktuk haitoi risiti, kwa hivyo andikeni daftarini tarehe, safari na kiasi, aliyepanda atie sahihi siku hiyohiyo.