Kabla Hujashika Bisibisi: Maandalizi ya Kuongeza Nafasi kwenye Kompyuta ya Gemu ya Mkononi

Kubadilisha SSD, ile diski ya ndani inayobeba mfumo na gemu, kwenye kompyuta ya gemu ya mkononi ni kazi ya nusu saa hivi kwa mtu mwenye mkono uliotulia. Maandalizi yake yanaweza kumaliza jioni nzima, na jioni hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia. Nimeona kifaa kilichofunguliwa vizuri, kikafungwa vizuri, kikawaka vizuri, halafu mwenyewe akabaki amekodoa macho kwa sababu gemu aliyoicheza saa 90 inamtaka aanze mwanzo. Gemu yenyewe hupakuliwa tena. Zile saa 90 hazipakuliwi popote.

Kwanza jua kilichojaa ni nini. Fungua mipangilio ya hifadhi uone kila gemu inakula kiasi gani, na ujiulize ni ngapi kati ya hizo umezigusa mwezi huu. Kwenye Steam Deck, kompyuta ya gemu ya mkononi ya kampuni ya Valve, ukiingia hali ya dezktopu utakuta folda mbili zinazonenepa kimyakimya: shadercache na compatdata. Ya kwanza hubeba maandalizi ya picha yanayoifanya gemu isikwamekwame inapochezwa. Ya pili ina vijimazingira vya Windows ambavyo Proton, programu inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux, huijengea kila gemu inayoihitaji. Gemu ikiondolewa, wakati mwingine mabaki yake hubaki humo. Lakini compatdata usiifute kwa pupa. Sababu yake inakuja.

Ukishajua kilichojaa, piga hesabu ya unachohitaji. Baldur's Gate 3 na Red Dead Redemption 2 kila moja inaomba GB 150. Zikiwa mbili tu, tayari ni GB 300. Steam Deck ya kwanza ilipotoka Februari 2022 ilikuwa na toleo la GB 64, na mwenye toleo hilo hawezi kuweka hata moja kati ya hizo ndani. Kumbuka pia kwamba watengenezaji wa diski huhesabu kwa elfu, ilhali Windows huhesabu kwa 1,024. Ndiyo maana diski ya GB 512 huonekana kama 476, na ya TB 1 kama 931. Hujaibiwa. Mfumo endeshi nao unachukua sehemu yake, na gemu kubwa zikisasishwa huhitaji nafasi ya ziada ya kuandaa faili jipya kabla ya kutupa la zamani. Ukiona hesabu yako inaishia pembezoni mwa GB 512, nunua TB 1.

Hapo ndipo linapokuja swali la kadi au SSD, na ninawasihi watu wasiliruke, maana wengi wanaofungua vifaa vyao hawakuwa na haja ya kuvifungua. Tundu la microSD kwenye Steam Deck ni la aina ya UHS-I, ambayo kikomo chake ni MB 104 kwa sekunde. SSD ya NVMe (aina ya SSD yenye kasi) kwenye kifaa hichohicho inaweza kusoma MB zaidi ya 3,000 kwa sekunde. Pengo ni kubwa, ila halionekani kila mahali. Gemu ndogo, gemu za miaka ya nyuma na zile za michoro bapa hukaa kwenye kadi bila malalamiko. Utasubiri kidogo wakati wa kufungua, basi. Mambo hubadilika kwa gemu zenye dunia kubwa zinazosoma faili mfululizo huku ukitembea, na kwa zile ambazo wenyewe wameandika kwamba zinahitaji SSD, kama Baldur's Gate 3. Mpango ninaoupendelea ni kuziweka gemu mbili tatu nzito ndani na nyingine zote kwenye kadi. Kwa watu wengi huo unatosha, na kifaa hakiguswi.

Ukichagua kadi, soma alama zake. U3 na V30 maana yake ni kwamba kadi imeahidi kuandika mfululizo kwa angalau MB 30 kwa sekunde. A1 na A2 zinahusu usomaji wa faili ndogondogo zilizotawanyika, na gemu zina nyingi za namna hiyo: A1 inaahidi usomaji 1,500 kwa sekunde, A2 inaahidi 4,000. Usilipie zaidi kwa kadi ya microSD Express kama tundu lako ni la UHS-I. Itafanya kazi, lakini kwa mwendo uleule wa kadi ya kawaida.

Kadi bandia zipo, na ninalisema hili nikiwa limenikuta. Niliwahi kununua kadi iliyoandikwa GB 512. Kompyuta iliitambua kuwa ni ya GB 512, nikaifomati, nikapakia gemu, na kwa siku kadhaa kila kitu kilikwenda sawa. Gemu ya tatu ikagoma kufunguka, kisha ya kwanza nayo. Nilipoipima, ilikuwa na GB 32 za kweli. Hizo zilipojaa, ilikuwa inaandika juu ya ilichokwisha kuandika. Tangu siku hiyo kadi mpya haipokei faili langu lolote kabla haijapimwa. Kwenye Windows kuna programu ya H2testw, na kwenye Linux kuna F3. Zote huijaza kadi mpaka pomoni, kisha huisoma tena kuhakikisha kilichoandikwa ndicho kilichobaki. Kadi kubwa huchukua saa kadhaa. Iache usiku kucha.

Jua pia kwamba kadi ikifomatiwa na Steam Deck hupewa mfumo wa faili wa ext4, ambao Windows haiusomi yenyewe. Na kufomati kunafuta kila kilichomo, zikiwemo picha za simu uliyoitoa kadi hiyo.

Ukiamua ni SSD, jambo la kwanza ni urefu. Kwenye maelezo ya diski utaona namba kama 2230, 2242 au 2280. Tarakimu mbili za mwanzo ni upana kwa milimita, zinazofuata ni urefu. Steam Deck zote, ya LCD na ya OLED, hutumia 2230, na ROG Ally ya Asus ya 2023 vilevile. ROG Ally X ya 2024 inapokea 2280, ile ya kawaida ya kompyuta za mezani. Legion Go ya kwanza ya Lenovo ina nafasi ya 2242. Mwenye Deck ya GB 64 asiogope: ile eMMC yake (hifadhi ya polepole iliyowekwa badala ya SSD) haikuunganishwa moja kwa moja kwenye ubao, imekaa kwenye tundu lilelile la M.2 linalopokea SSD na inatoka.

Kuna waliowahi kuzichokonoa Deck zao ili 2242 iingie. Mwaka 2022 Lawrence Yang, mmoja wa wabunifu wa Valve, aliomba hadharani wasifanye hivyo. Chipu ya kuchaji iliyo jirani hupata joto, pedi za kupooza zilizo hapo hazitakiwi kusogezwa, na diski nyingi za 2242 hula umeme na kutoa joto kuliko kifaa kilivyopangiwa. Mimi naliongezea hilo hata kwa diski yenye urefu sahihi: tazama inakula umeme kiasi gani. Kwenye kifaa kinachoishi kwa betri, SSD yenye mbio za kutisha inaweza kukupa joto tu na dakika chache za kucheza. Tafuta yenye chipu upande mmoja, na ukiweza chagua yenye chipu za aina ya TLC badala ya zile za QLC, kwa kuwa QLC huanza kwa kasi, halafu ikishajaza akiba yake ya mwendo hupungua sana katikati ya kunakili gemu kubwa.

Sasa tufike kwenye sevu, yaani faili zinazohifadhi ulipofikia kwenye gemu. Wengi huamini kwamba kila kitu kiko kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, la Steam, duka la gemu la Valve. Si kila kitu. Ni mtengenezaji wa gemu anayeamua kama gemu yake itatumia wingu, na wapo ambao hawakufanya hivyo. Fungua ukurasa wa kila gemu unayoijali uangalie kama ina alama ya wingu, na kama usawazishaji wa mwisho ulikamilika. Kama mara ya mwisho ulicheza bila intaneti, iwashe kwanza intaneti, ufungue gemu, uifunge, usubiri imalize kupandisha. Gemu ulizoziweka kutoka nje ya Steam, emuleta (programu zinazoiga mashine nyingine za gemu), na gemu ulizozibandika modi (nyongeza za mashabiki) zote zihesabu kuwa haziko kwenye wingu mpaka uwe umethibitisha vinginevyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua karatasi uandike gemu moja moja: jina, iko kwenye wingu au haiko, sevu yake iko folda gani. Kwa gemu za Windows zinazoendeshwa na Proton, sevu mara nyingi huwa ndani ya compatdata, kwenye folda yenye namba ya gemu hiyo kwenye Steam, halafu ndani yake kuna drive_c na folda za mtumiaji kama ilivyo Windows. Ndiyo maana nilisema usiifute kwa pupa. Nakili folda hizo kwenye fleshi au diski ya nje, kisha ichomeke fleshi hiyo kwenye kompyuta nyingine uone kama faili zinafunguka na ukubwa wake si sifuri. Nakala ambayo hujaifungua bado ni matumaini tu. Picha na video ulizorekodi ukicheza nazo zichukue, maana husahaulika.

Wenye vifaa vya Windows wana jambo lao la ziada. Mara nyingi diski imefungwa kwa usimbaji wa BitLocker bila mwenyewe kujua, na ukibadilisha vitu ndani, kifaa kinaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla hakijakuruhusu kuingia. Kwa kawaida ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute leo, uuandike kwenye karatasi, usiuache ndani ya kifaa hichohicho.

Baada ya hapo amua utaujazaje mfumo kwenye diski mpya. Njia ya kwanza ni kuiweka diski mpya kwenye kasha la USB la NVMe na kunakili diski nzima kama ilivyo. Kila kitu kinahama, ila ukimaliza unaweza kukuta nafasi ya ziada haionekani mpaka uipanue sehemu ya mwisho ya diski. Ya pili ni kuanza upya. Kwa Steam Deck unapakua faili la urejeshaji la Valve, unaliandika kwenye fleshi ya GB 8 au zaidi, kisha kifaa kikiwa kimezimwa unashikilia kitufe cha kupunguza sauti na kubonyeza cha kuwasha. Fanya jaribio hilo kabla hujafungua skrubu hata moja. Fleshi ikikataa kuwaka, ni afadhali uligundue hilo wakati diski ya zamani bado iko mahali pake.

Masharti ya dhamana yasome mwenyewe, ya kifaa chako na ya nchi yako.

Siku ya kazi, toa kadi ya microSD kwanza. Naliandika peke yake kwa makusudi: kwenye Deck, kadi inapita katika kava la nyuma, na ukilivuta kava kadi ikiwa ndani, inaweza kukatika vipande viwili. Betri ishuke chini ya asilimia 25, kisha ingia kwenye bayosi (mipangilio ya msingi ya kifaa) kwa kitufe cha kuongeza sauti pamoja na cha kuwasha, uchague betri iwekwe katika hali ya kuhifadhiwa. Baadaye kifaa hakitawaka kwa kitufe mpaka ukichomeke kwenye chaja, kwa hiyo usishtuke.

Deck ya LCD ina skrubu nane za nyuma, nne ndefu na nne fupi. Ukiisukuma ndefu kwenye tundu la fupi unaweza kutoboa upande wa pili, kwa hiyo chora umbo la kifaa kwenye karatasi na uziweke juu yake kila moja mahali ilipotoka. Bisibisi iwe inayokaa sawasawa kichwani, bila kuchezacheza. Deck ya OLED inataka ile ya nyota. Kava litenganishwe kwa kipande cha plastiki, si kisu. Kinga ya chuma iliyo ndani ina skrubu moja iliyofichwa chini ya kibandiko cha foili, na hapo ndipo wengi hulazimisha mpaka wakapinda kitu. Ukiiondoa, chomoa kwanza plagi ya betri kwa kuvuta ulimi wake, usivute nyaya.

SSD imeshikwa na skrubu moja. Ikitoka, diski huinuka yenyewe upande mmoja, ikasimama mshazari kama kifuniko kilichoachwa wazi. Ivute kwa mshazari huohuo. Kwenye Deck imevishwa soksi nyembamba ya foili. Ivue kwa upole uivishe ile mpya, maana ni kinga dhidi ya mwingiliano wa mawimbi. Ya mpya iingie mpaka dhahabu ya meno isionekane, kisha uilaze na kufunga.

Ya zamani irudishe kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, uandike tarehe juu yake. Usiifomati wala kuiuza mpaka umefungua kila gemu iliyo kwenye karatasi yako, ukaona jina la mhusika wako, ngazi uliyofikia na saa zako zote ziko palepale.