Mtoto anataka kuingia klabu ya kuogelea ya mashindano? Haya muyajue kabla hamjalipa ada

Nawaandikia wazazi wenzangu wa Unguja na Pemba ambao mtoto karudi nyumbani na fomu ya klabu, au kocha kamuona anaogelea akasema huyu mleteni. Hongereni, na msikimbilie kulipa leo. Kuna mambo wazazi wapya huja kuyajua katikati ya msimu wakati pesa zishatoka na mtoto kashachoka, na mengi yanaulizika mwanzo kabisa.

La kwanza, mtoto kujua kuogelea baharini na mtoto kuogelea mashindano ni vitu viwili. Watoto wetu hawaogopi maji, nenda Forodhani jioni maji yakijaa uwaone makachu, wale vijana warukaji, wanavyoruka pale ukutani, mmoja anapinduka mara mbili hewani kabla hajagusa maji. Lakini bwawani hakuna chumvi ya kumbeba, anaona yuko mzito, halafu kuna ukuta kila baada ya mita 25 na lazima ageuke vizuri, na kule kuruka kwenyewe ni kwengine kabisa, anatakiwa aingie majini amenyooka na kwa mbele, siyo kwa juu. Kwa hiyo usishangae mtoto anayesifiwa mtaa mzima akawa wa mwisho bwawani mwezi wa kwanza, na usimwambie chochote kibaya kwa hilo. Akiweza kwenda mita 25 bila kushika pahala, akavuta pumzi kwa ubavu bila kunyanyua kichwa chote, na akamsikiliza mwalimu, anatosha kuanza. Kama bado, mpelekeni kwanza masomo ya kawaida, hakuna haraka.

Kabla ya kulipa nenda kaangalie mazoezi siku moja, ukae mwanzo mpaka mwisho, na usiangalie watoto wanavyokwenda mbio, angalia usalama. Nani macho yake yako kwenye maji muda wote? Kocha anayefundisha leni tatu (zile njia za bwawani) peke yake hawezi kuwa mwokozi pia, lazima awepo mwengine. Kuna boya la kurusha na mti mrefu wa kumvutia mtu? Kuna mtu anayejua kumpa pumzi mtoto aliyezama? Halafu kina. Huku kwetu klabu nyingi zinatumia mabwawa ya hoteli au ya skuli, na bwawa la hoteli limejengwa kwa ajili ya wageni kupumzika, upande mmoja maji yanamfika mtu kiunoni. Kanuni za dunia kwa bwawa lenye vibao vya kuanzia mbio zinataka kina kisipungue mita 1.35 pale mbele ya ukuta, kuanzia mita 1 mpaka mita 6. Ukiona watoto wanafundishwa kupiga mbizi ya kichwa kwenye maji ya kiunoni, mchukue mtoto wako muende, shingo haina spea.

Na hili jamani naliomba kwa dhati, wakatazeni watoto ule mchezo wa kushindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu. Mtoto anahema haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama, anaona kapata hewa nyingi, kumbe ameipunguza ile hewa chafu ambayo ndiyo inaupa mwili amri ya kuvuta pumzi, basi anazimia chini bila kusikia hata dalili, na anayezimia chini ya maji hapigi kelele wala hatapitapi. Inawapata hata wanaojua kuogelea sana, tena hao ndio zaidi maana wanajiamini.

Muulizeni kocha pia mambo ya malezi, na msione haya. Mtoto asibaki peke yake na mtu mzima mmoja pahala pasipoonekana, iwe chumba cha kubadilisha nguo, iwe gari ya kurudi nyumbani. Meseji za kocha kwa mtoto zipite kwenye grupu la wazazi au mzazi awemo. Safari ya Dar nani analala na nani, nani mama wa kuwasimamia watoto wa kike. Kocha mzuri hatokasirika kuulizwa, atafurahi, na akikasirika ushapata jibu lako.

Afya msifiche. Kifafa, pumu, selimundu, haya kocha ayajue kwa maandishi siku ya kwanza. Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata maumivu makali akichoka sana au akipigwa baridi au akikaukiwa maji mwilini, kwa hiyo daktari wake ndiye aseme kama anaruhusiwa na kwa kiasi gani. Masikio yakaushwe kwa taulo kila akitoka majini, mtoto ainamishe kichwa huku na huku maji yatoke, na kama linauma ukilivuta kidogo ni hospitali, siyo kijiti cha pamba wala mafuta ya moto.

Sasa muda, maana hapa ndipo familia nyingi zinaposhindwa. Mtoto wa kwetu ana skuli, ana chuo cha Qur-ani, na wengine skuli yenyewe ya mchana. Mazoezi ya klabu hayataki siku moja kwa wiki, watoto wadogo hata mara mbili au tatu inatosha lakini wakikua yanaongezeka. Kaeni na ratiba mezani, muandike saa za chuo kwanza, kisha mumuulize kocha zinazobaki zinatosha ama hazitoshi. Msimuahidi kocha siku nne huku mnajua mbili kati ya hizo ni za Qur-ani, mtoto ndiye atakayegombezwa pande zote mbili. Ulizeni na ratiba ya Ramadhani mapema, kama wanasogeza mazoezi usiku au wanapunguza au wanasimamisha, kwa sababu mtoto aliyefunga kuogelea kwa nguvu saa kumi jioni kwenye joto la huku ni hatari, na habari ya kumeza maji akiwa na saumu kila familia imuulize sheikh wake.

Pesa nitasema kwa ufupi. Ulizeni ada inalipia nini na hailipii nini: matumizi ya bwawa, ada ya kila mbio anayoingia, nauli ya boti, malazi. Vifaa vya mwanzo ni nguo ya kuogelea inayobana, kofia, miwani ya maji miwili (mmoja utakatika mkanda asubuhi ya mashindano, haikosi), taulo, chupa ya maji. Ubao na mapezi klabu nyingi wanavyo. Zile nguo za mbio za bei kubwa mtoto wa miaka tisa hazimsaidii chochote, anakua miezi mitatu haimuingii. Nywele zitiwe maji safi na mafuta ya nazi kidogo kabla ya kofia, klorini haizili sana.

Kwa watoto wa kike, habari ya stara isiwe sababu ya kumkatisha. Kule Nungwi mradi wa Panje umefundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamejifunika mwili, na wameweza. Kinachotakiwa ni kitambaa cha kuogelea kinachobana, siyo pamba, fulana ya pamba ikilowa inamvuta chini. Ila mjue kanuni za mashindano makubwa ya dunia zinasema nguo ya mbio ya mwanamke isifunike shingo wala isipite mabega na magoti, kwa hiyo kila mashindano waandikieni waandaaji mapema, mpate jibu la maandishi, mtoto asije akasimamishwa pembeni ya bwawa mbele za watu. Na mwenye nywele nyingi au misuko, zile kofia kubwa za Soul Cap zilikataliwa 2021 zikaja kuruhusiwa 2022, hilo limekwisha.

Haya, siku ya mashindano yenyewe. Mitindo ni minne: fristaili (mtindo huru), bekistroku ya mgongo, brestistroku inayofanana na chura, na batafulai ya kipepeo. Kuna na mchanganyiko ambao mtoto anaogelea yote minne, anaanza batafulai, mgongo, chura, anamaliza fristaili. Utapewa karatasi au itatumwa kwenye grupu, kila mbio ina namba, ndani yake kuna hiti, yaani makundi ya waogeleaji wanaoingia majini kwa zamu, na kila hiti ina leni. Wazazi wazoefu wanamuandikia mtoto kwenye mkono kwa kalamu ya wino mzito, mistari mitatu, namba ya mbio, hiti, leni, mtoto anasoma mkono wake mwenyewe hapotei. Andika kabla hujampaka mafuta maana ukishampaka wino haushiki.

Usilalamike mwanao kawekwa leni ya pembeni. Wanapanga kwa taimu, mwenye taimu nzuri zaidi anakaa katikati, leni ya 4 kwenye bwawa la leni nane na leni ya 3 kwenye la leni sita, wengine wanafuatia huku na huku. Asiye na taimu anawekwa hiti za mwanzo. Hakuna aliyeonewa. Refa atapiga filimbi fupi fupi wajitayarishe, filimbi ndefu wapande kwenye kibao, wa mgongo waingie majini, halafu "teki yo maksi", yaani jiwekeni tayari, wanatulia, honi. Atakayeondoka kabla ya honi anatolewa. Na mtoto mgeni wa mashindano atatolewa tu siku moja, sababu kubwa ni mkono: kwenye chura na batafulai lazima aguse ukuta kwa mikono miwili kwa pamoja, kila anapogeuka na anapomaliza, akigusa kwa mmoja taimu yake haihesabiwi hata kama kawaacha wenzake mbali. Mgongo lazima amalize akiwa chali. Akitoka analia, wewe mpe taulo, kocha atamueleza kilichotokea.

Na wewe mzazi jiandae kufanya kazi, mashindano madogo hayaendi bila wazazi kushika saa. Siyo ngumu ila inataka makini. Kama kuna taa ya kuanzia bonyeza ukiiona taa, usisubiri honi, sauti ikisafiri mita 25 inachelewa kama sekunde 0.07, na watoto wanaachana kwa 0.03. Mwisho simama juu ya ukuta uangalie mkono ukigusa, siyo kichwa. Leni ikiwa na saa tatu na mbili zikalingana, hiyo ndiyo taimu, zikitofautiana zote inachukuliwa ya katikati. Ukiwa umeshika saa usimshangilie wako, shika leni yako.

Sasa taimu, hapa naomba mnisikilize vizuri. Swali la kumuuliza mtoto akitoka majini siyo "umekuwa wa ngapi". Mtoto anaweza kuwa wa saba kwenye hiti na amepunguza sekunde mbili kwenye taimu yake, hiyo ni kazi kubwa, na mwengine akawa wa kwanza kwa sababu hiti yake ilikuwa nyepesi. Nunua daftari, andika tarehe, mbio, taimu, na urefu wa bwawa, la 25 au la 50. Urefu ni muhimu kwa sababu kwenye bwawa la mita 50 anageuka mara chache, hasukumi ukuta mara nyingi, taimu inakuwa kubwa, mzazi asiyejua anadhani mtoto karudi nyuma. Vile vile makundi ya umri, mwenye miaka 11 kasoro siku chache na aliyetimiza 10 juzi wako kundi moja, ukiwaweka bega kwa bega utadhani mtu na kaka yake. Wasichana wengi wanatangulia kukua, kisha wavulana wanawafikia, na karibu kila mtoto anapita kipindi taimu inagoma miezi mingi wakati mwili unabadilika. Kipindi hicho ndicho wazazi wanabadilisha klabu, wanaongeza mazoezi, wanamfokea mtoto ndani ya gari, na mtoto anaacha kuogelea kabisa akiwa na miaka 13. Ufundi mwachieni kocha. Sisi yetu ni kumlaza mapema, kumlisha, kumfikisha kwa wakati na kumpenda akiwa wa saba vile vile kama akiwa wa kwanza.

Wanaoota Olimpiki, ndoto nzuri na mjue njia yake. Zanzibar haina kamati yake ya Olimpiki, mtoto anapita Tanzania, na nchi ambazo waogeleaji wao hawajafikia viwango kwa kawaida hupewa nafasi ya mwanamme mmoja na mwanamke mmoja. Rio 2016 walikwenda Hilal Hilal na Magdalena Moshi, Paris 2024 Collins Saliboko na Sophia Latiff. Ndiyo maana safari za Dar ni lazima kwa mtoto anayetaka kupanda.

Kwa safari hizo, kata boti ya siku moja kabla, msivuke asubuhi ya mashindano, hasa msimu wa kusi bahari ikichafuka, mtoto aliyetapika Chumbe mpaka Dar hana nguvu ya kuogelea. Wa Pemba ndio wahesabu siku mbili. Usiku ale wali au viazi na samaki, asubuhi uji, mkate, ndizi, yai akipenda, mapema kabla ya kuingia majini, na baina ya mbio tende na maji kidogo kidogo. Urojo na chipsi vingoje mpaka mbio ya mwisho iishe. Bebeni fulana kavu mbili na kitambaa cha kukalia kwa sababu kukaa kunakuwa kwingi, mbio yake sekunde arobaini na kungoja saa tatu. Na cheti cha kuzaliwa toeni kopi, muulize umri unahesabiwa tarehe gani, maana kuna mashindano yanahesabu siku ya kwanza ya mashindano na mengine tarehe 31 Disemba, kisha kopi moja mpeni meneja wa timu kabla hamjapanda boti.