Pipa la taka za kemikali, kutoka mtamboni hadi kwenye ripoti

Nafanya kazi upande wa taka katika kiwanda kikubwa cha kemikali kando ya mfereji wa meli wa Houston, Texas. Kila kijana wa kwetu akiajiriwa huku, hunipigia simu kuuliza ripoti za mazingira zinaandikwaje. Namwambia aanze na pipa. Pipa lisipopimwa na kuandikwa siku lilipojazwa, kitakachopelekwa serikalini mwaka ukiisha ni kisio, na wanaoishi nyuma ya ua wa kiwanda watakisoma wakidhani ni hesabu.

Sheria ya taka ya Marekani, ile ya mwaka 1976 iitwayo RCRA, inakuruhusu kukusanya hadi galoni 55 za taka hatari palepale zinapotoka. Ni pipa moja la kawaida, kama lita 208. Likizidi hapo, andika tarehe, na ndani ya siku tatu kinachozidi kihamishiwe ghala kuu. Kiwanda kinachozalisha kilo 1,000 au zaidi kwa mwezi kina siku 90 tangu pipa liingie ghalani mpaka liondoke. Lebo iseme kwamba ni taka hatari, na hatari yenyewe ni ipi: inawaka, inababua au ina sumu. Ibandike ubavuni, mbali na mdomo wa pipa, kwa sababu tone la tolueni, kiyeyusho cha viwandani, likiteremka juu yake linafuta wino, na pipa lisilosomeka ni pipa lisilojulikana.

Kisha funga. Pipa huwa wazi wakati wa kutia au kutoa tu. Faneli ya kawaida iliyoachwa mdomoni inahesabiwa kuwa pipa wazi. Wakaguzi hutupia jicho hapo mapema, na wana haki, maana mvuke unaotoka anauvuta mwenzako wa zamu ya usiku. Na usimimine asidi ya nitriki kwenye pipa la viyeyusho hata kama ni kikombe kimoja kilichobaki. Gesi hujaa ndani, pipa huvimba, na linaweza kupasuka saa kadhaa baada ya wewe kwenda nyumbani.

Kila taka ina namba yake. Kimiminika kinachoshika moto chini ya nyuzi 60 za Selsiasi ni D001. Chenye pH ya 2 kushuka chini, au 12.5 kupanda juu, ni D002. Tolueni iliyokwisha kutumika kama kiyeyusho ni F005. Ukiwa na shaka, peleka sampuli maabara. Sheria inakubali pia utumie unachokijua kuhusu mchakato wenyewe, ila maelezo yako yawekwe kwa maandishi.

Siku ya kusafirisha, hati ya shehena husainiwa na wewe, na msafirishaji, na anayepokea mzigo. Tangu Juni 30, 2018 hati hizi huingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa shirika la mazingira, EPA. Kazi yako haijaisha lori likitoka getini. Fuatilia mpaka uone saini ya mpokeaji, na ulinganishe uzito wake na wa mizani yako. Ukitofautiana, uliza siku hiyohiyo, wakati watu bado wanakumbuka.

Sasa tuje kwenye ripoti, maana ndipo wengi wanapotatizika. Ziko mbili kubwa za shirikisho. Ya kwanza inahusu taka hatari zenyewe, nayo hutolewa kufikia Machi 1 ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Ya pili, TRI, yaani orodha ya kemikali zenye sumu, hutolewa kila mwaka kufikia Julai 1, nayo haihesabu mapipa, inahesabu kemikali. Tuseme pipa lina kilo 180 za taka, na asilimia 40 yake ni tolueni. Kwenye ripoti ya kwanza unaandika 180. Kwenye TRI unaandika kilo 72 za tolueni tu, tena ukizigeuza kuwa ratili, kama 159, na unaeleza zilikokwenda: zilirejelezwa, zilichomwa kama nishati, ziliteketezwa, au zilitupwa ardhini. Ukijaza kilo 180 mahali pa 72, jirani ataona sumu mara mbili na nusu ya ile iliyopo.

Kwa kemikali nyingi kiwango cha kuanza kuripoti ni ratili 25,000 ukizitengeneza au kuzichakata, na 10,000 ukizitumia kwa njia nyingine. Zebaki ni ratili 10 tu.

Sheria ya TRI ilipitishwa mwaka 1986, baada ya gesi ya kiwanda kuua maelfu ya watu kule Bhopal, India, Desemba 1984. Mimi ni mtu wa Mombasa, na hapa huwakumbuka watu wa Owino Uhuru, mtaa wa kwetu Mombasa, ambao ilibidi damu za watoto wao zipimwe ndipo ijulikane kiasi cha madini ya risasi walichokuwa wakipata kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Mahakama ya Juu ya Kenya iliwarudishia fidia ya shilingi bilioni 1.3 Desemba 2024. Takwimu zilizoandikwa kwa wakati zingeweza kuwafikia kabla ya ugonjwa.

Usiruke kisehemu cha 8.9 cha fomu ya TRI, kinachoomba uwiano wa uzalishaji wa mwaka huu na wa mwaka jana. Taka zikipungua kwa asilimia 20 na uzalishaji nao ukashuka kwa asilimia 20, hakuna mlichorekebisha, na msomaji ana haki ya kuliona hilo. Kilichomwagika kwa dharura kina nafasi yake, 8.8. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipokikatia umeme kiwanda cha kemikali cha Arkema huko Crosby, Texas, peroksaidi zilikosa ubaridi zikashika moto. Kiasi cha aina hiyo kisichanganywe na taka za kila siku.

Weka nakala za hesabu zako zote kwa miaka mitatu, karatasi za mizani zikiwemo. Ukigundua kosa baada ya Julai 1, wasilisha fomu ya marekebisho mara moja na uandike sababu yake.