Namna mkimbizi wa Nairobi anavyoweza kuyatumia mashirika ya misaada hadi ajitegemee

Mkimbizi aliyeko katika kambi za Dadaab au Kakuma kwa kawaida hupangiwa mgao wa chakula, hata kama mgao wenyewe umekuwa ukipunguzwa, lakini aliyeko Kayole, Kawangware, Eastleigh au Githurai hujilipia kodi ya nyumba, maji, chakula na nauli tangu siku ya kwanza. Tofauti hiyo ndiyo inayopasa kuongoza namna ya kuyaendea mashirika ya jijini. Msaada wao wa chakula na pesa ni mdogo na una mwisho, kwa hiyo anayeomba unga peke yake hula unga huo na kurudi mlangoni akiwa vilevile, ilhali anayeutumia muda wa msaada kutafuta karatasi, ujuzi na mtaji huondoka na kitu kinachobaki baada ya faili lake kufungwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkimbizi mwenyewe, na pia kwa jirani, mchungaji au imamu anayemsindikiza katika ofisi hizo.

Anza na karatasi

Tangu Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ianze kutumika mwezi Februari 2022, usajili na uamuzi wa nani ni mkimbizi ni kazi ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, ambayo ni ofisi ya serikali, huku UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ikiisaidia. Sheria inamtaka aliyeingia nchini ajitokeze ndani ya siku 30. Aliyechelewa na aende hivyo hivyo, aeleze kilichomchelewesha, kwa sababu kila mwezi anaokaa bila usajili unamwacha wazi kukamatwa na unamfungia huduma karibu zote zilizotajwa hapa chini. Mwombaji hupewa kwanza karatasi ya kuonyesha kwamba anaomba hifadhi, baadaye huitwa kwenye mahojiano, na akikubaliwa hupata kadi ya mkimbizi, ambayo mitaani watu wengi bado huiita eliani. Akikataliwa ana siku 30 za kukata rufaa, na mwanasheria atafutwe siku ileile barua inapopokelewa, kwani rufaa inayoandikwa siku ya 29 huandikwa vibaya.

Jambo ambalo watu hulikwepa ni ruhusa ya kuishi Nairobi. Kwa miaka mingi sera ya Kenya imewataka wakimbizi wakae kambini au katika maeneo yaliyotengwa, na kadi peke yake haikupi moja kwa moja haki ya kupanga chumba mtaani Umoja. Mwenye sababu ya matibabu, masomo au usalama aombe ruhusa hiyo kwa maandishi, aambatanishe ushahidi, na abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wa mijini wahamishiwe kambini, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikalibatilisha agizo hilo katika kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria pamoja na wakimbizi wenyewe. Naitaja kesi hiyo kwa sababu wapo wanaodhani kwamba msaada wa kisheria ni wa watu waliofanya makosa tu.

Kabla hujaondoka dirishani, soma jina lako herufi kwa herufi. Anayeandikwa Mohamed kwenye kadi na Mohammed kwenye cheti cha shule atasumbuka benki, hospitalini na kwenye laini ya simu, na kurekebisha baadaye huchukua miezi. Mtoto aliyezaliwa hapa naye afuatiliwe cheti cha kuzaliwa, kuanzia karatasi ya taarifa ya uzazi inayotolewa hospitalini. Mkimbizi hanyimwi cheti hicho kwa kuwa si raia. Weka nakala za kila kitu mahali pawili, na piga picha kwa simu.

Jua mlango wa kubisha

Kila shirika lina kazi yake, na kulikosea kunakupotezea nauli. Kwa masuala ya sheria, yaani usajili uliokwama, rufaa, kukamatwa, au mwenye nyumba aliyekutupia vitu nje, nenda Refugee Consortium of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1998, au Kituo cha Sheria, ambacho kimekuwa kikiwatetea wanyonge tangu 1973. HIAS, ambayo imefanya kazi Nairobi tangu 2002, hushughulikia ulinzi, ushauri nasaha kwa waliopitia mateso, na shughuli za kujipatia kipato. RefuSHE, iliyoanza mwaka 2008 kwa jina la Heshima Kenya, ni ya wasichana na wanawake vijana waliofika bila wazazi, wengi wao wakiwa na watoto wachanga. JRS, shirika la Wajesuti lililoanzishwa na Padre Pedro Arrupe mwaka 1980, huwafikia watu kupitia parokia, na lina duka liitwalo Mikono linalouza kazi za mikono za wakimbizi. RefugePoint huichukua familia moja kwa muda maalumu, ikaisaidia kwa chakula, matibabu na mtaji hadi iweze kusimama.

Ufadhili wa mashirika haya ulipungua sana mwaka 2025, kwa hiyo kabla ya kupanda matatu uliza kama huduma unayoitaka bado ipo. Wapo wanaoamini kwamba ukijiandikisha katika mashirika matano utapata mara tano. Mashirika hupelekeana kesi na kuulizana, na mtu akigundulika ametoa maelezo yanayotofautiana huchukua muda mrefu kuaminiwa tena. Mwambie afisa wa kwanza ukweli wote, kisha umwombe akuandikie barua ya kukuelekeza kwa shirika jingine. Barua hiyo hufungua mlango kuliko foleni ya alfajiri.

Huduma zote ni bure, kuanzia usajili hadi mahojiano ya mwisho. Anayekuomba pesa ili akupangie tarehe, hata akiwa amevaa kitambulisho cha ofisi au ni mkalimani wa kabila lako, anaiba, na malalamiko hupokelewa na shirika lenyewe au UNHCR bila kulazimika kupitia kwa mtu huyohuyo.

Nenda na hesabu yako

Afisa wa kesi anayekuhoji kwa saa moja hawezi kuyajua maisha yako, na mtu aliyechoka husahau mambo makubwa. Mwaka 2020 RefugePoint na Women's Refugee Commission walitoa kipimo cha kujitegemea chenye maeneo 12: makazi, chakula, elimu, upatikanaji wa matibabu, hali ya afya, usalama, ajira, uwezo wa kifedha, utegemezi wa misaada, madeni, akiba, na watu unaoweza kuwategemea. Kimekusudiwa kwa wafanyakazi wa mashirika, lakini sioni sababu ya familia kutokitumia. Nunua daftari, ugawe kurasa 12, na kila mwisho wa mwezi uandike sentensi moja au mbili katika kila ukurasa: kodi imelipwa au la, mmekula mara ngapi kwa siku, deni la dukani limefika wapi. Baada ya miezi mitatu utaona mwenyewe ni ukurasa gani unaouvuta mwingine chini. Mara nyingi si ule uliodhani. Mama anayelalamikia kodi anaweza kugundua kwamba kinachommaliza ni dawa za mtoto mwenye pumu anazonunua kila wiki kwa bei ya rejareja, na ombi lake shirikani libadilike kutoka pesa za kodi kuwa barua ya kumpeleka mtoto kliniki.

Kazi na biashara

Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi aliyetambuliwa kuajiriwa, kujiajiri au kufanya taaluma yake, mradi sifa zake zimetambuliwa na mamlaka ya Kenya. Kibali cha kazi cha mkimbizi ni cha daraja M, hutolewa na Idara ya Uhamiaji, na hakilipiwi ada. Kinahitaji barua ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi pamoja na barua ya mwajiri au maelezo ya biashara, na ndiyo maana ni vizuri kuliomba shirika la kisheria likusaidie kuyaandaa maombi kabla hujayatuma. Vyeti vya kigeni hupelekwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma vilinganishwe na vya Kenya. Fundi ambaye cheti chake kilibaki Bukavu au Mogadishu, au ambaye hajawahi kuwa nacho, anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, katika ushonaji, ususi, useremala au umekanika, akapata cheti cha hapa bila kurudi darasani miaka miwili. Ukipewa nafasi ya mafunzo na shirika, uliza swali hili kabla ya kuikubali: mwisho wake nitafanya mtihani wa NITA, au nitapewa karatasi ya mahudhurio tu?

Wengi, hata hivyo, huanza na uchuuzi, na hapo msaada wa mtaji hufa haraka kuliko mahali pengine popote. Chukua mfano wa Mkongomani anayetembeza vitenge. Tuseme ananunua kipande kwa shilingi 900, anakiuza 1,200, na anauza vipande vitatu kwa siku. Faida ni 900. Toa nauli 160 na chakula cha mchana 100, zinabaki 640, ambazo kwa siku 24 za kazi ni 15,360. Kodi ikiwa 5,500 na chakula cha nyumbani 300 kila siku, mwezi wa siku 30 unamaliza 14,500, na kinachobaki ni 860. Biashara hiyo inatosha, lakini kwa shida. Sasa mteja mmoja, mwanamke mwenye heshima zake, achukue kitenge kwa mkopo na asilipe: kipande kimoja kilichopotea kinameza faida ya vipande vitatu, yaani siku nzima ya kutembea. Hapo zile 860 za mwezi zimekwisha, na akitokea wa pili kodi inaanza kulipwa kutoka kwenye mtaji. Kwa hiyo, unapoandika mpango wa biashara kwa ajili ya ruzuku, omba kiasi kidogo kwa awamu mbili, awamu ya pili itolewe baada ya miezi mitatu ya kumbukumbu za mauzo, na uandike waziwazi kwamba huuzi kwa mkopo. Maafisa hupenda kuona hivyo, na wewe unapata sababu ya kumkatalia jirani bila kugombana naye.

Leseni ya biashara ya kaunti ni gharama ya kuingizwa kwenye hesabu tangu mwanzo kwa mwenye kibanda. Askari wa kaunti wakibeba mali yako mara moja, umelipa kuliko leseni. Usajili wa PIN ya kodi ya serikali nao unawezekana kwa kadi ya mkimbizi. Laini ya simu na M-Pesa ziwe kwa jina lako. Wakimbizi wengi huanza kwa laini ya rafiki Mkenya, na urafiki unapoharibika, au rafiki anapokopa kwa jina hilo, akiba yote iko mikononi mwa mwingine na huna ushahidi wa kuupeleka popote.

Akiba yenyewe ni rahisi kuijenga katika kikundi. Wakongomani wana likelemba, Wasomali wana ayuuto, Waethiopia wana ekubu, na majirani wao Wakenya wana chama. Utaratibu ni uleule wa kuchanga na kupeana kwa zamu. Nashauri kuwa katika angalau kikundi kimoja chenye Wakenya ndani yake. Kikundi cha wakimbizi watupu huyumba pale wanachama wote wanapokwama kwa jambo moja, kwa mfano kadi kuchelewa, na zaidi ya hapo Mkenya ndiye atakayekuambia kibanda kipi kinaachwa wazi mwezi ujao. Kikundi kikikua, kisajiliwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii, kwani mashirika mengi hutoa ruzuku za vikundi kwa vilivyosajiliwa pekee.

Shule na hospitali

Watoto wa wakimbizi husoma katika shule za umma za Nairobi. Mwalimu mkuu akimkataa mtoto kwa kukosa cheti cha kuzaliwa cha Kenya, nenda na karatasi ya usajili wa familia na barua ya shirika kabla ya kufikiria shule ya kulipia. Kwa matibabu, kadi ya mkimbizi hutumika kujisajili na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili peke yake unahusu huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya. Kulazwa kunahitaji michango, ambayo kwa asiye na mshahara hulipwa kwa mwaka mzima na haipungui shilingi 300 kwa mwezi. Hiyo ni 3,600 kwa mkupuo, kwa hiyo anza kuitenga mapema.

Suala la safari

Kuhamishiwa nchi ya tatu hakuombwi kwa fomu. UNHCR ndiyo huchagua kesi kwa vigezo vyake, vikiwemo hatari ya usalama, mateso yaliyopita, mahitaji makubwa ya matibabu, na wanawake au watoto walio hatarini, na wanaosafiri duniani ni chini ya asilimia 1 ya wakimbizi wote kwa mwaka. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, na wapo waliokuwa wamekwisha kuuza magodoro wakijiandaa kusafiri. Kuna uvumi kwamba ukionekana una biashara faili lako linatupwa. Vigezo vinaangalia hatari iliyokufukuza na inayokufuata, na kibanda cha vitenge hakiiondoi hatari hiyo. Toa taarifa ya kila badiliko la simu, ndoa au mtoto, kisha uendelee na kazi.

Faili linapofungwa

Siku moja afisa atakuambia kwamba familia yako imefikia kiwango na kesi inafungwa. Usigombe, lakini usiondoke mikono mitupu pia. Omba barua inayoeleza ulihudumiwa tangu lini hadi lini na kwa nini kesi imefungwa, omba nakala za ripoti za matibabu na vyeti vilivyomo ndani ya faili, na uliza ni mabadiliko gani, kama vile ugonjwa, kukamatwa au kufiwa, yanayoruhusu kesi kufunguliwa upya, na ni nani wa kumwendea yakitokea. Majibu hayo yaandike kwenye ukurasa wa mwisho wa lile daftari.