Kaye ya vipimo, upande wa nyuma: namna ninavyoandika mwezi wangu wa vitabu na filamu

Mimi ni mshonaji. Nina mashine mbili barazani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi. Kaye, yaani daftari, ninayoandikia vipimo vya wateja ndiyo hiyo hiyo ninayoandikia vitabu na filamu. Mbele ni kifua, kiuno na urefu wa liputa, kitenge cha kujifunga. Nikiigeuza, nyuma, ni mambo niliyosoma na kutazama. Nimefanya hivi miaka sita sasa, na wenzangu huniuliza waanzie wapi. Nitaeleza kwa mwezi wa Juni uliopita, maana ndio ulio karibu kichwani.

Usinunue kaye nzuri. Kaye nzuri inatia woga, utangoja siku ya kuandika maneno mazuri na siku hiyo haitafika. Chukua ile ambayo mkono wako unaigusa kila siku hata kama hutaki. Yangu hailali mbali na mkasi.

Kila ukifunga kitabu usiku, andika ukurasa ulioishia na sababu ya kufunga: usingizi, umeme umekatika, mtoto amelia, umekasirika. Neno moja linatosha. Juni nilianza riwaya nene ya Kifaransa, nimeinunua mjini kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya balabala. Siku nne mfululizo nimeandika "usingizi", na siku zote nne haikuwa imefika hata saa mbili usiku. Mimi saa mbili bado nakata nguo. Basi nikajua si usingizi, kitabu ndicho kilichokuwa hakinishiki. Nikakiacha ukurasa wa 91, nikaandika kwamba nimekiacha. Vitabu ulivyoviacha viandike pia, navyo ni vya mwezi wako.

Usisimulie hadithi. Nimeona kaye za marafiki zimejaa "halafu akaenda, halafu akarudi". Hadithi imo kitabuni, ukiitaka utaikuta pale pale. Kinachopotea ni jinsi ulivyokuwa wewe ulipoisoma, nani alikuwa karibu, umekumbuka nini, umebisha wapi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo Juni yangu ilipokuwa.

Mpwa wangu anayesoma chuo kikuu alinitolea kwenye intaneti historia ya mji huu iliyotungwa na André Yav mwaka 1965, mji ukiwa bado unaitwa Elisabethville. Imeandikwa kwa Kiswahili chetu cha hapa, na inaongea kwa niaba ya watu waliofanya kazi za nyumbani kwa wazungu, wale walioitwa maboyi. Nilifurahi, nikakaa nayo, na jioni ya kwanza nikashindwa. Maneno yamegandana mahali yalipopaswa kuachana, yameachana mahali yalipopaswa kushikana, na nukta hazionekani. Katika kaye niliandika: "ukurasa wa 2, macho yamechoka." Kesho yake mashine zimenyamaza, nikaanza kusoma kwa sauti, bila kuyachunguza maneno. Yakajipanga yenyewe! Ikawa kama mzee amekaa kwenye kigoda anaongea. Nilipomweleza mpwa wangu, akaniambia kwamba hata Johannes Fabian, aliyeichapisha mwaka 1990, alipata njia kwa kumwomba msaidizi wake, Kalundi Mango, aisome kwa sauti. Niliandika hilo kwa herufi kubwa, na tangu hapo ni kanuni kwangu: maandishi yakigoma, yasome kwa mdomo kabla ya kuyalaumu.

Halafu nikafika kwenye habari za batumbula, wale wakamata watu wa usiku. Bibi yetu alikuwa akitutisha nao ili tusichelewe kurudi nyumbani. Nilidhani ni maneno ya bibi peke yake. Sikuandika Yav anasema nini juu yao. Niliandika hivi: "Bibi hakututania. Alikuwa anaogopa kweli, na sisi tulicheka." Na chini yake: "Babu alipiga pasi mashati ya watu miaka mingi, hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mashati ya nani." Mistari hiyo miwili ndiyo iliyonipa ukurasa wote wa mwisho wa mwezi. Nayo sikuipata kwa kufikiri sana, niliipata kwa kuandika usiku ule ule. Ningengoja asubuhi, wateja wangefika na vitenge vyao na yote yangefutika.

Filamu zina shida yake, kwa kuwa huwezi kuandika huku unatazama, na ukijaribu utakosa uso wa mtu mahali penyewe. Mimi nafanya hivi: nasikiliza waliokaa nami. Ninachoandika baada ya filamu ni nani aliinuka, saa ngapi, na alisema nini. Juni tulitazama kwenye telefoni ya binti yangu ile filamu ya Baloji, aliyezaliwa hapa Lubumbashi, ile iliyopata zawadi kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2023, Augure. Kijana amerudi kutoka Ubelgiji na mchumba wake, amepewa mtoto wa dada yake ambebe, mara pua inamtoka damu, tone linamwangukia mtoto. Ukoo wote unaruka, kwao kijana ni mchawi tangu alipozaliwa. Mama mkwe wangu, ambaye husali kila alfajiri na sikutegemea awe upande wa kijana, akaipigia kelele telefoni: "Mumupe mayi kwanza!" Nimeandika neno lake jinsi alivyolitamka, kwa mayi, si kwa maji. Tafadhali usinyooshe maneno ya watu kwenye kaye. Ukiyanyoosha, mwezi ukiisha hutawasikia tena.

Filamu nyingine nilizipata kwenye fulashi, kwa kijana wa mtaani anayezijaza. Hizo mstari mmoja mmoja unatosha.

Sasa mwisho wa mwezi. Tarehe 30, kabla ya kuifungua kaye, chukua karatasi nyingine. Mimi hutumia vipande vya karatasi ya patroni, ile ya kukatia nguo, vilivyobaki. Andika kwa kichwa tu yale unayokumbuka, bila mpangilio. Ukimaliza, fungua kaye ulinganishe. Utashangaa. Kuna filamu moja ya vita niliyoisifia ukurasa mzima tarehe 12, na tarehe 30 sikukumbuka hata sura moja. Kuna nyingine ambayo sauti ilipotea katikati, niliiandikia maneno matatu, lakini mwanamke wake aliyehesabu pesa kwenye fundo la kitambaa akiwa ameupa mlango mgongo bado ninaye, na nikishika noti za wateja namkumbuka. Andika juu ya tofauti hiyo. Kwa nini hili limekaa na lile limeondoka? Usikimbilie jibu. Anza na kilichokaa, wala usianze na tarehe 1, usije ukaandika ripoti. Ukurasa mmoja, na kama maneno yamezidi, punguza sifa, acha vitu.

Kama kitabu si chako, kabla ya kukirudisha nakili mistari miwili ya ukurasa wako kwenye kikaratasi, kiweke ndani. Aliyekuazima atafurahi kujua kitabu chake kilifanya nini nyumbani kwa watu. Binti yangu amezoea kusoma vikaratasi hivyo kabla havijatoka. Chini ya mstari wangu juu ya babu na mashati ameandika kwa biki nyekundu: "Mama, bibi mdogo wa Likasi bado yuko hai. Tumuulize." Tutakwenda Jumamosi, na kaye nitaibeba.