Tairi la nyuma linakwaruza baada ya kushusha pikipiki: namna ya kupata mahali penyewe

Motari (waendesha pikipiki za abiria) wengi wa Goma wanashusha pikipiki, yaani wanapunguza kimo chake, kwa sababu ya maana. Kwenye vichochoro vya Majengo na Katoy, juu ya mawe ya volkeno, mtu mfupi aliyebeba abiria anataka miguu yote miwili ifike chini. Anafungiwa amotisa fupi (wengine wanaita shokapu), na siku chache baadaye anarudi gereji: nyuma kunakwaruza. Hapo madigadi inapigwa nyundo au inakatwa. Nakuomba usianze hivyo. Kwanza jua tairi linagusa nini, na linagusa wakati gani.

Hatua ya 1: soma alama. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, osha matope, mulika kwa tochi ya simu. Mkwaruzo ukiwa katikati ya tairi, gurudumu linapanda kupita kiasi. Ukiwa ubavu mmoja tu, gurudumu limekaa upande au tairi ni pana. Ukikuta linagusa mbele, upande wa injini, uliza kama mnyororo ulipunguzwa pingili, maana ekseli husogea mbele. Angalia pia bolti ambazo ncha zake zinatazama chini, na nyaya za taa ya nyuma. Waya ukilika hadi shaba, fyuzi inaungua.

Hatua ya 2: soma namba za tairi. 3.00-17 ina upana wa karibu 76 mm, 3.50-17 inafika karibu 89 mm. Matairi ya namna hii yakiongezeka upana huongezeka na kimo, kwa hiyo nafasi inapungua pembeni na juu pia.

Hatua ya 3: tikisa gurudumu kushoto na kulia. Likicheza, kagua beringi, kisha bushi za ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu. Pima pia urefu kutoka mhimili wa mkono huo hadi ekseli, pande zote mbili; vipimo vilingane.

Hatua ya 4: hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanaporuka. Amotisa ikiwa fupi kwa 30 mm lakini fimbo yake inaingia ndani kiasi kilekile cha zamani, gurudumu likifika mwisho linapanda 30 mm au zaidi kupita pale kiwanda kilipopanga. Pikipiki ikiwa imesimama huoni kitu. Ukipita shimo barabara ya Sake na magunia mawili ya makala (mkaa), chuma kinakutana na tairi.

Egemeza fremu vizuri, toa amotisa zote mbili, kisha ondoa springi ya moja kwa kibanio chake. Springi iliyobanwa inaweza kuvunja mkono. Kama huna kibanio, mpelekee fundi aliye nacho. Rudisha hiyo amotisa bila springi. Bandika madonge ya udongo laini chini ya madigadi, kwenye bolti na kila unapopashuku. Inua gurudumu kwa jeki polepole mpaka raba ya ndani ibanwe kabisa. Shusha, pima unene wa udongo uliobaki. Mimi sikubali chini ya 10 mm, kwa sababu matope na vijiwe vyetu vinakaa humo humo.

Hatua ya 5: tengeneza kulingana na ulichokiona. Kukaza springi kunapunguza mara za kugonga, lakini mwisho wa safari ya gurudumu unabaki palepale. Dawa ni amotisa ambayo fimbo yake pia ni fupi, au kurudisha sehemu ya urefu uliopunguzwa. Bolti igeuze, kichwa kikae upande wa tairi. Tairi ambalo nyuzi zake zimeonekana litupwe, hata kama bado lina meno.

Kabla ya kumrudishia mwenyewe, kagua mnyororo. Unakaza zaidi pale ekseli, mhimili wa ule mkono na gia ya mbele vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Hata hapo lazima ulegee kidogo. Stendi ya pembeni nayo ifupishwe, la sivyo pikipiki inasimama wima mno na kuanguka.

Na akija motari mfupi ambaye bado hajashusha, mimi humwambia apunguze kwanza sponji ya kiti. Sentimita mbili au tatu za sponji mara nyingi zinatosha miguu kufika chini, na amotisa zinabaki zilivyotoka kiwandani.